Posti za Mtu wa Tanuru

Kariobangi,
Jumanne, 4 Februari 2025

Dada yangu mpendwa Nasambu,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe na Shemeji Johnson hamjambo, na mguu wake umeacha kumsumbua. Mimi ni mzima wa mwili. Najua umenipigia simu wiki mbili hupati kitu. Ile laini niliivunja nikaitupa. Usinitafute kwa namba yoyote, na akikupigia mtu akisema ni mimi, kata.

Huyu aliyekuletea barua ni Ifrah, anayeuza madera nyumba kwa nyumba. Kila Jumanne hupita huku Kariobangi asubuhi na kwenu Makongeni alasiri, kisha hurudi huku kulala. Nilimchomelea mlango wa kibanda chake mwaka juzi na hakusahau. Ukitaka kunijibu, ikunje barua ndani ya dera ulilokataa kununua, umrudishie.

Sasa nikueleze, maana nilikuficha mengi. Unajua nilikuwa kwenye tanuru la kuyeyusha betri kuukuu za magari, kiwanda kile kinachopakana ukuta na Mukuru kwa Reuben. Usilojua ni kwa nini nilimpeleka mke wangu Nabalayo na mtoto Kimilili. Mwezi wa kumi na moja Mirriam alipimwa damu, ikakutwa na madini ya risasi. Daktari aliniuliza, "Baba, unafanya kazi gani?" Nikamwambia. Akauliza, "Na nguo za kazi unazivulia wapi?" Nikasema nyumbani. Akaandika. Mtoto ana miaka mitatu, Dada. Kila jioni nilikuwa nambeba na lile vumbi kifuani.

Ndipo nikaanza blogu. Najiita Mtu wa Tanuru. Naandika jivu linamwagwa wapi, moshi unafunguliwa saa ngapi, nani anaugua. Ondiek wa zamu yetu yeye alisema kwa mdomo, mkutanoni, mbele ya meneja. Wiki iliyofuata alivunjwa mikono yote miwili na watu asiowajua. Baada ya hapo wawili wakaja na pikipiki kwenye ploti yangu kumuulizia "yule mwandishi". Niliwasikia nikiwa bafuni. Nilitoka na ndala tu.

Sasa nalala kwenye karakana ya rafiki. Blogu sitaiacha, na kila posti itakuwa ishara kwako kwamba nipo. Lakini sitaki uwe unafungua ule ukurasa kila saa, wala uufuate kwenye mitandao ambako majina ya wafuasi yanaonekana. Tafuta programu ya kusoma RSS. Ni kitu cha zamani na rahisi: unaipa anwani ya tovuti unazozipenda, yenyewe inakwenda kuangalia kama kuna jipya, inakuletea mahali pamoja. Mwandishi hana orodha ya wanaomsoma, kwa hiyo hata wakiiba blogu yangu hawatakukuta humo.

Ziko nyingi. Usichukue inayokuuliza wewe ni nani. Chukua inayoleta maandishi yote, si kichwa cha habari peke yake, na iyahifadhi ndani ya simu yako. Kisha weka na vitu vingine humo, kilimo, kanisa, chochote, ili mtu akichungulia asione Mtu wa Tanuru peke yake. Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ukishaiweka, choma karatasi.

Nisamehe kwa kukutia hofu.

Mdogo wako,
Wekulo


Makongeni,
Jumanne, 11 Februari 2025

Ndugu yangu Wekulo,

Salamu kutoka kwangu na kwa shemeji yako. Mguu wake bado, lakini anatembea. Mimi sijambo, ila usingizi umenipotea tangu nilipoisoma barua yako. Nilikulea tangu Mama alipofariki ukiwa wa miaka sita, na sikuwahi kufikiri itafika siku nitakuandikia barua ukiwa umbali wa kutembea kwa miguu.

Nimefanya ulivyosema. Haikuwa rahisi kwa mtu anayejua simu kwa ajili ya kupiga na kutuma. Programu ya kwanza ilikuwa na sura nzuri, lakini ilitaka baruapepe, ikataka namba ya simu, halafu ikataka mwaka wa kuzaliwa. Nikajiuliza mwaka wa kuzaliwa ni wa nini kwa mtu anayetaka kusoma tu. Nikaifuta. Ya pili haikuuliza kitu, lakini iliniletea mistari miwili ya kila habari na kunitaka nibonyeze niende kwenye tovuti yenyewe, na hicho ndicho ulichonikataza. Ya tatu ni ya kijivu, haina urembo wala matangazo. Inasema imetengenezwa na watu wanaojitolea. Hiyo ndiyo niliyobaki nayo.

Nilipoiandikia anwani yako ilinijibu kwamba hakuna mlisho wowote, yaani habari za kufuata, mahali hapo. Nilikaa chini nikadhani wameshakukamata na kufuta kila kitu. Kumbe nilikuwa nimeruka herufi moja. Nilipoirudia, posti nne zikashuka kwa mpigo. Nilizisoma zote nikiwa ofisini kwangu shuleni, nimefunga mlango, watoto wakipiga kelele nje. Ile ya Mirriam niliisoma mara mbili. Hukumtaja jina, lakini mimi nilimwona.

Nimeongeza na mlisho wa kilimo na wa mahubiri. Juzi Johnson aliniuliza, "Siku hizi unasoma nini hivyo?" Nikamwambia habari za mbolea. Akainama kutazama, na kweli palikuwa na mbolea. Sijawahi kumdanganya mume wangu, Wekulo. Jioni ile nilimweleza yote. Akasema, "Mwambie asije hapa. Si kwa ubaya." Najua si kwa ubaya.

Utakula nini huko? Ifrah ana chapati zako kwenye mfuko wa njano.

Dada yako,
Nasambu


Kariobangi,
Jumanne, 18 Februari 2025

Dada mpendwa,

Nimefurahi kusikia mko salama. Chapati zilifika zikiwa tano. Ifrah anasema zilikuwa tano tangu mwanzo, nami sitamuuliza tena.

Umechagua vizuri. Sasa kuna jambo moja la kurekebisha. Hizo programu nyingi zinafuta posti ulizokwisha kusoma baada ya siku kadhaa ili zisijaze simu. Ingia kwenye mipangilio, utafute palipoandikwa zihifadhiwe kwa muda gani, uweke daima. Pia iambie iangalie mara moja kwa saa. Ukiiacha iangalie kila dakika utakuwa huna kazi nyingine ila kuitazama. Nakujua.

Tukubaliane hivi. Nitaandika kila Jumatatu na kila Alhamisi. Zikipita siku kumi bila kitu, usije Kariobangi. Nenda kwa Khavere, mwenyekiti wa akina mama kule Reuben, mwambie wewe ni nani. Yeye anamjua wakili.

Alhamisi ya wiki ijayo nitaweka posti kubwa. Nimepata daftari la magari yanayotoa jivu: tarehe, mzigo, na mahali lilipomwagwa. Pamoja na picha. Sehemu moja ni nyuma ya uwanja ambako watoto wa Reuben wanacheza mpira. Dada, kuna siku nilisaidia kupakia gari hilo mimi mwenyewe, na nilijua linakokwenda. Hilo nalo nitaliandika.

Salimia Shemeji. Mwambie nimemwelewa.

Mdogo wako,
Wekulo


Makongeni,
Jumanne, 4 Machi 2025

Ndugu yangu Wekulo,

Hujambo? Sisi tuko, tunamshukuru Mungu. Ifrah alikuwa na homa wiki iliyopita ndiyo maana hukupata neno langu.

Posti yako ya Alhamisi ilikuja saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa naandikisha watoto wa chakula cha mchana. Niliona tarakimu moja imetokea pembeni ya jina lako, nikaacha kalamu. Nimesoma hadi ulipojitaja kwamba na wewe ulipakia. Sijui kama ingekuwa mimi ningeweza kuliandika hilo.

Kufika Ijumaa kila mtu alikuwa nayo. Mwalimu mmoja aliisoma kwa sauti wakati wa chai, nami nikawa nakoroga chai isiyo na sukari.

Jumatatu alikuja mtu ofisini. Koti safi, viatu vilivyopigwa rangi, sauti ya upole.

"Wewe ndiye Madamu Nasambu?"

"Nikusaidie nini?"

"Nina mtoto nataka kumhamishia hapa."

"Yuko gredi ya ngapi?"

Akafikiri. "Darasa la nne."

Mzazi mwenye mtoto shuleni siku hizi hasemi darasa la nne, Wekulo. Anasema gredi ya nne. Nikamuuliza mtoto anaitwa nani. Akatabasamu, akasema atarudi na mama yake, na kwamba ofisi yangu ni nzuri, ina dirisha linaloona barabara. Kisha akaniuliza, "Una ndugu wangapi, Madamu?" Nikasema wote wako nyumbani magharibi. Akasema, "Wasalimie."

Tangu jana nafungua simu chooni, naona sifuri, naifunga, naifungua tena. Uliniambia mara moja kwa saa, lakini kuna kitufe cha kuilazimisha iangalie sasa hivi, na kidole changu kinakaa hapo.

Nakuomba uache. Umeshasema ya kutosha. Nenda kwa mkeo.

Dada yako,
Nasambu


Kariobangi,
Jumanne, 11 Machi 2025

Dada,

Salamu. Naandika kwa haraka, nisamehe.

Nimesoma habari za mtu wa koti na nimeogopa kuliko siku ile ya pikipiki. Umesema niache. Bado posti moja, ya majina ya watoto waliopimwa, wazazi wao wamekubali. Itakuwa ya kumi na moja. Baada ya hapo nitaondoka Nairobi.

Jana kijana wa karakana ya jirani aliulizwa kuhusu fundi mgeni. Leo nahama. Usinijibu hadi Ifrah akuambie mwenyewe niko wapi. Badilisha njia ya kwenda kazini.

Mdogo wako,
Wekulo


Makongeni,
Jumanne, 25 Machi 2025

Ndugu yangu Wekulo,

Popote ulipo, nakusalimu. Siulizi kama u mzima, maana sijui nitamuuliza nani.

Ifrah amekubali kuchukua barua hii bila kujua ataipeleka wapi. Alisema ataibeba kila Jumanne hadi atakapokuona.

Posti ya kumi na moja ilikuja Alhamisi ya tarehe 13. Jumatatu ya 17 haikuja kitu. Alhamisi ya 20 haikuja kitu. Jumamosi nilikuwa nafua, simu iko juu ya ndoo iliyofunikwa, nikaona tarakimu. Nilifuta mikono kwenye gauni. Nilishukuru kwa sauti hadi jirani akaniuliza kuna nini.

Kisha nikasoma. "Samahani kwa wote. Niliyoyaandika kuhusu kiwanda hayakuwa ya kweli. Nilisukumwa na hasira baada ya kuachishwa kazi. Naomba msamaha kwa uongozi." Mistari minne. Hakuna neno la mtoto, hakuna neno la jivu. Hayakuwa maneno yako. Wewe huandiki "uongozi", unaandika "wakubwa". Na hukuachishwa kazi, ulitoroka. Wamekuchukua, nikajiambia, wamechukua na neno lako la siri, na mtu mwingine ameketi mahali pako anaandika.

Kwa mara ya kwanza nilifungua ukurasa wenyewe. Ulikuwa mtupu. Imebaki ile samahani peke yake. Ulizoandika zote, tangu Desemba, zimefutwa kana kwamba hukuwahi kuwepo.

Nikarudi kwenye ile programu ya kijivu, nikidhani itakuwa imefuta nayo. Haikufuta. Kumi na moja zote zilikuwa humo, kila moja na tarehe yake na saa iliyoingia. Maneno yote yapo. Picha hazikusalimika zote. Zimebaki zile tatu nilizokuwa nimezifungua nikazitazama kwa ukubwa, nyingine zimekuwa visanduku vitupu. Laiti ningezifungua zote. Niliogopa kuzitazama, ndiyo sababu.

Siku kumi zilikuwa zimetimia. Jana, Jumatatu, niliomba ruhusa kazini nikaenda Reuben kwa Khavere. Ni mwanamke mfupi, haongei mengi. Nilimpa simu akasoma palepale amesimama mlangoni pake, na alipofika kwenye majina ya watoto akaketi kwenye ndoo. La nne ni la mjukuu wake. Tulikwenda saiba, duka la intaneti, tukachapisha zote. Akamwita wakili, anaitwa Nyawira, akaja mwenyewe, akaitazama simu yangu, akapiga picha kila ukurasa na saa zake. Aliniambia, "Mama, usiiondoe programu hii hata simu ikijaa." Leo asubuhi zile karatasi zilikuwa zimebandikwa kwenye milango ya Reuben.

Nimefanya hivyo kwa sababu nadhani umekufa, au uko mahali unaomba kufa. Kama nimekosea, Mungu anisamehe.

Dada yako,
Nasambu


Kimilili,
Alhamisi, 27 Machi 2025

Dada yangu mpendwa Nasambu,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na Shemeji. Mimi niko hai, niko kwa Nabalayo. Nimetuma barua hii na mzigo wa basi kwa jina la Ifrah. Sijui wewe uko katika hali gani, na kwa siku tano sikuweza kushika kalamu.

Najua umeisoma ile samahani. Najua pia umeshasema si mimi. Ni mimi, Dada. Niliiandika kwa vidole vyangu.

Walinipata Jumamosi tarehe 22, mchana kweupe, natoka kununua mkate. Hawakunipiga. Waliniingiza kwenye gari lenye kiyoyozi, tukazunguka. Yule wa koti alikuwa amekaa mbele. Hakuongea habari za kiwanda hata kidogo. Alinipa simu yake nitazame picha. Ulikuwa umesimama kwenye lango la shule na sweta lako la buluu, umeshika mkono wa mtoto unamvusha barabara. Picha ya pili ulikuwa dirishani. Ya tatu Shemeji alikuwa anashuka ngazi kwa ule mguu wake, ameshika ukuta. Akaniuliza, "Huyu mzee akianguka hapo, nani atashangaa?"

Nilikuwa nimejiuliza wamekujuaje. Nilikumbuka humo ndani ya gari. Siku niliyoajiriwa nilijaza fomu, palikuwa na nafasi ya ndugu wa karibu, mahali anapofanya kazi. Niliandika jina lako na la shule kwa mwandiko mzuri. Nilikazana kukuficha kwenye blogu na nilikuwa nimekwisha kukutoa zamani.

Wakanipa kompyuta. Nikafuta posti moja moja, yeye akihesabu. Kisha nikaandika alichoniambia. Nilipomaliza alinipa mkono. Walinishusha kando ya barabara mbele ya Naivasha. Nilipanda lori hadi Eldoret.

Mirriam hakunikimbilia. Amenisahau kidogo. Ni heri.

Sasa nakuomba jambo moja, na nakuomba kama ulivyonilea. Fungua ile programu na ufute kila kitu. Ukimaliza iondoe kabisa kwenye simu. Walidhani kwa kufuta kule wamemaliza, na wakijua kuna nakala watajua iko kwa nani. Usimwonyeshe mtu. Ukishafuta, mwambie Ifrah anitumie neno moja tu, "tayari". Sitaandika tena. Nataka tu uvuke barabara ukarudi nyumbani.

Mdogo wako,
Wekulo


Makongeni,
Jumatano, 2 Aprili 2025

Ndugu yangu Wekulo,

Barua yako nimeipata jana. Ifrah aliitoa kwenye dera akaniambia, "Kaa kwanza." Nilipoona mwandiko wako nililia hadi Johnson akatoka chumbani. U hai. Namshukuru Mungu kwa hilo kabla ya jingine lolote.

Lakini siwezi kukutumia lile neno. Barua yangu ya tarehe 25 hukuipata, nayo naiambatisha hapa usome uone nilichofanya. Wakati ulipokuwa unaniandikia nifute, posti zako zilikuwa zimebandikwa kwenye milango kwa siku mbili.

Nilijua kwa uhakika kwamba si wewe uliyeandika. Nilimwambia wakili hivyo, nikaapa. Kumbe ilikuwa wewe, na ulifanya kwa ajili yangu, nami nikaenda kufunua kila kitu ulichojidhalilisha kukifunika. Nimeisoma sentensi yako ya sweta mara nyingi. Sijui nikuombe msamaha namna gani.

Nikueleze yaliyotokea ili usisikie kwa watu. Akina mama sitini na zaidi walikwenda na zile karatasi kwa watu wa afya na wakakataa kuondoka. Ijumaa wakaja maafisa wa mazingira wakachukua udongo nyuma ya uwanja, mahali palepale ulipopataja. Tanuru limezimwa kwa muda. Tarehe 15 mwezi huu kuna kikao mahakamani, kiwanda kinataka kulifungua tena. Wanasema posti zako ni uongo na mwandishi mwenyewe amekiri. Nyawira anasema nakala zangu zinaonyesha kilichoandikwa na saa kilipoandikwa, ila haziwezi kusema nani aliyefuta na kwa nini. Mtu mmoja tu anaweza kusema hilo.

Sikuombi uje. Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama nione kama ni ya kweli, nami naona ni ya kweli.

Yule wa koti alipita shuleni Jumatatu. Hakuingia. Alisimama ng'ambo ya barabara akala njugu hadi zikaisha, akakunja karatasi, akaiweka mfukoni. Johnson hashuki tena ngazi peke yake. Tumehamia chumba cha chini cha binamu yake, na mwalimu mkuu amenihamishia ofisi ya ndani isiyo na dirisha. Naogopa kila mlango. Lakini programu sijaiondoa.

Mbusu Mirriam. Mwambie ni wa shangazi.

Dada yako,
Nasambu


Kimilili,
Jumatano, 9 Aprili 2025

Dada yangu,

Salamu kwako na kwa Shemeji, nafurahi mmehama.

Barua yako Nabalayo aliisoma kabla yangu, nilikuwa shambani. Nilimkuta ameketi nayo. Nilikuwa nimekasirika hata kabla ya kuisoma, na nilipoisoma nilitoka nje nikatembea hadi sokoni na kurudi. Nilisema maneno juu yako ambayo sitayaandika. Nilikuwa nimejiuza ili kukununua wewe, na wewe ukaenda kuirudisha bidhaa.

Nabalayo aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Mimi naogopa kukuzika. Lakini tangu uje humtazami mtoto usoni. Hilo nalo naliogopa." Akaingia jikoni. Hatujalizungumzia tena.

Dada, si ujasiri. Usimwambie mtu kwamba mdogo wako ni jasiri. Nalala nimevaa viatu. Nikisikia gari linapunguza mwendo barabarani nashika komeo la mlango wa nyuma. Ila nimefikiri hivi: walinitisha kwa kitu ambacho bado hakijatokea, nami nikawapa chote. Wakati huo wote nakala zilikuwa kwako, salama, na tishio lao halikuwa limezifikia. Wakilifungua lile tanuru tena, Mirriam wa mtu mwingine atabebwa jioni.

Nitakuja kwa tarehe 15. Nyawira amepanga mahali pa kushukia na mtu wa kunipokea. Usije mahakamani. Kama wananitazama mimi, nataka kuwe na mahali pengine ambapo wewe upo.

Mdogo wako,
Wekulo


Makongeni,
Jumanne, 6 Mei 2025

Ndugu yangu Wekulo,

Nakusalimu wewe na wifi yangu. Johnson ameanza kutembea bila fimbo. Sijakuandikia wiki tatu kwa sababu nilikuwa nangoja kuona kama wangekufuata huko, na kila Jumanne Ifrah alipokuja bila habari mbaya nilisema ningoje moja zaidi.

Uliniambia nisije. Nilikuja. Nilikaa benchi ya nyuma, katikati ya akina mama wa Reuben, nimejifunga leso ya Khavere kichwani. Nilikuona ukiingia umevaa koti lisilokuwa lako. Umekonda. Ulipoulizwa jina lako ulikaa kimya muda mrefu, hadi karani akainua kichwa. Yule mtu alikuwa safu ya pili, miguu ameipishanisha. Nilikuwa nakutazama shingo nikasema moyoni, anyamaze, atoke, aende zake. Ndivyo nilivyoomba, Wekulo, nataka ujue. Kisha ulisema jina lako lote, na la baba, ukasema, "Niliziandika mimi posti zote kumi na moja, na samahani niliiandika mimi pia, na mtu aliyeniambia niiandike ameketi pale." Ukanyoosha mkono. Alikuwa wa kwanza kutazama sakafu.

Nyawira aliisoma posti ya daftari la jivu kutoka kwenye simu yangu, na saa yake. Ulitolewa kwa mlango wa upande. Ulipita karibu yangu kama hatua nne na hukuniona, au uliniona ukajifanya. Sikukuita.

Umeshasikia kwamba tanuru halitafunguliwa hadi udongo uondolewe na kesi iishe. Watoto mia moja na tatu wamepimwa. Yule wa koti alihojiwa siku mbili akaachiliwa. Juzi nilimwona kituo cha magari Jogoo Road. Aliniambia, "Habari ya nyumbani, Madamu," nami nikamjibu nzuri, kwa sababu sikujua la kufanya zaidi. Niliporudi nilifunga mlango nikaketi chini sakafuni kwa muda.

Sasa sikiliza lililonifanya nikuandike leo. Jumapili baada ya ibada mwanamke mmoja alibisha hodi, anaitwa Wanja, mtoto wake yuko kwenye orodha. Alitaka nimwekee ile programu ya kijivu kwenye simu yake. Nikamwekea, nikampa na posti zako zote nilizokuwa nazo. Jana wakaja wengine wanane. Leo asubuhi Khavere amenipigia, kuna foleni ya wengine tisa kwake, nami nikaenda. Nimewafundisha kuweka mipangilio, zihifadhiwe daima, na wafungue kila picha hata kama inatisha. Sasa mimi ni mmoja kati ya wanawake kumi na tisa. Wakitaka kufuta tena, itabidi wabishe milango kumi na tisa, na kila mlango una watu.

Bado naogopa. Nadhani nitaogopa muda mrefu. Lakini wale wanawake wameniuliza Mtu wa Tanuru ataandika tena lini. Nikawaambia nitamuuliza.

Dada yako,
Nasambu